Ng'ombe wa Matunzo ya Anjela

Jumamosi, Agosti, jioni.

Leo mlima umefunguka wote, hauna hata wingu la kusingizia. Baridi imepungua. Nimekaa kibarazani hapa Himo, viatu vyangu vinanuka ng'ombe, na moyo wangu umetulia. Naandika haraka kabla haujabadili mawazo.

Jana ilikuwa siku yangu ya mwisho kazini Holili. Kwa miaka mingi nimeandaa nyaraka za malori yanayovuka mpaka, ya watu wengine wanaokwenda kwao. Wenzangu walininunulia soda wakanitania kwamba nitakaa dawati moja na watoto wa dada zao. Huenda ni kweli. Mwezi ujao naanza chuo, stashahada ya afya ya wanyama, na nina miaka thelathini na moja.

Nilipopata ile nafasi nilirukaruka jikoni peke yangu. Halafu nikakaa chini, maana nilikumbuka jambo moja.

Matunzo ya Anjela.

Anjela ni binti yangu, ana miaka saba, anaishi Kirua Vunjo na baba yake, Festo, pamoja na bibi yake mzaa baba. Mimi na Festo tuliachana bila kurushiana sufuria. Kazi yangu ilikuwa ya kutoka alfajiri na kurudi giza limeingia, kwa hiyo tulikubaliana mbele ya afisa ustawi wa jamii kwamba mtoto akae kule kwenye nyumba yenye watu, na mimi nitume hela ya matunzo kila mwisho wa mwezi. Ndiyo, mama ndiye anayetuma. Wapo wanaosikia hivyo wakanitazama kana kwamba nimesema kuku wangu anabweka. Sijawahi kuruka mwezi, na najivunia hilo kuliko inavyostahili.

Sasa mshahara umekwisha. Akiba yangu inatosha ada na chumba cha kupanga, basi. Kilichokuwa kinaninyima raha ni kumwona kichwani mwangu Anjela akiwa mkubwa, anawasimulia watu kwamba mama yake alisoma kwa maziwa yaliyotakiwa kuwa yake.

Ninaye ng'ombe mmoja, Bahati, niliyemnunua akiwa mtamba. Alikuwa akikaa kwa kaka yangu, kule Mwika. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kumweka ng'ombe kwenye boma la mtu mwingine: anayemtunza anakunywa maziwa na kupata mbolea ya migomba, na mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe wake. Nikawaza, kwa nini Bahati asihamie kwa bibi yake Anjela mpaka nimalize chuo? Maziwa yachukue nafasi ya ile hela.

Wazo lilikuwa zuri. Namna nilivyolipeleka ndiyo ilikuwa kituko.

Kwetu, anayekwenda kuomba radhi hubeba isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba. Aliyepelekewa isale hakatai kusamehe. Mimi nilikuwa navunja ahadi, nikaona heshima inataka isale. Basi Jumapili iliyopita, baada ya misa, nikakata tawi zuri. Nikaona si vizuri kwenda mikono mitupu, nikanunua na galoni la mbege, pombe yetu ya ndizi. Na kwa kuwa nilitoka kanisani, nilikuwa nimevaa kitenge changu cha sikukuu.

Mwanamke aliyeachana na mwanaume anatokea kwao Jumapili, amependeza, ana mbege na isale. Wewe ungeelewa nini?

Bibi yake Anjela alikuwa uani anamenya ndizi. Sikumaliza hata shikamoo.

"Mama Anjela! Umerudi nyumbani!"

Alilichukua isale mkononi mwangu, akapaza sauti kwa Kichagga kuvuka ua, akiwatangazia majirani kwamba mkwe wake amekuja kuomba radhi arudi kwa mume. Mtori wa ndizi na nyama ukabandikwa jikoni. Nilijaribu kusema, lakini wanawake wawili walikwishafika na vigelegele. Festo akatokea migombani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akaliona isale, akaniona mimi, akautua mzigo polepole.

Festo ana mchumba, dada mmoja wa Marangu. Nimekutana naye, na nampenda kwa jinsi anavyomsuka Anjela nywele.

"Unarudi?" aliniuliza kwa sauti ya mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

"Sirudi. Nakwenda shule."

"Asante Mungu," alisema, halafu akaona aibu.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye kigoda. Naye akacheka. Majirani walipoelewa walicheka pia, na mbege haikurudi nilikoitoa. Bibi peke yake hakucheka. Aliendelea kulishika lile isale kama mtu aliyepewa mzigo usio wake.

"Sasa hili ni la nini?"

Hapo kicheko kiliniisha. Nilimweleza kwamba naomba radhi, naacha kazi, hela ya Anjela haitakuja kama zamani. Sikupanga kulia, lakini nililia, na kitenge cha sikukuu kikafanya kazi ya leso. Nikamweleza habari za Bahati. Alirudi kumenya ndizi zake.

"Huyo ng'ombe ana maziwa?" aliuliza mwishowe.

"Anayo, mama."

"Ungeanza na ng'ombe."

Festo ndiye aliyesema tusiishie uani. Leo tunacheka, alisema, siku tukinuniana kila mmoja atakumbuka maneno yake mwenyewe. Ana akili huyu mtu, sema tu hatukuwezana. Jumatano tukaenda kwa afisa ustawi wa jamii. Mama yule alituambia wazi kwamba kuacha kazi hakumwondolei mzazi wajibu wake, hata kama anaacha kwa sababu nzuri kama shule. Ila makubaliano yanaweza kubadilishwa maisha yakibadilika, mradi mtu aje kusema mapema. Wengi huja wakiwa wameshakaa kimya miezi, alisema, na wakifika pale hawatazamani.

Sisi tulitazamana. Tulikubaliana kwamba Bahati akae Kirua, Festo amkatie majani, maziwa yawe ya Anjela kwanza na yanayobaki yauzwe kwa ajili ya sare na mahitaji yake ya shule. Bima yake ya afya inabaki kwangu. Nikipata kazi tunarudi ofisini kupanga upya. Nilitoka pale nimenyooka mgongo.

Leo asubuhi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ikamchukua Bahati kutoka Mwika. Alilia njia nzima, na watu wakawa wanatoka majumbani kuangalia nani anaonewa. Anjela alikuwa akitungojea getini na buti za mvua za baba yake, zinamfika mapajani.

Karibu na mlango wa banda kulikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo, kwenye maji, lile isale langu. Nilidhani lilikwishatupwa. Bibi alilitoa, akachimba shimo kwa panga, akalipanda pale pale na kulishindilia udongo kwa kisigino.

"Nimekusamehe," alisema bila kunitazama. "Lakini ukifeli nitaling'oa."

Nimefanya mitihani kadhaa maishani, hakuna aliyewahi kunipa motisha ya namna hii.

Alasiri Festo akakamua. Maziwa yalikuwa kidogo, safari ilikuwa imemchosha Bahati. Bibi aliyachemsha akamjazia Anjela kikombe chake chekundu. Mtoto alikunywa nusu, akasimama, akatembea kwa uangalifu na zile buti mpaka nilipokaa, akaninyooshea kikombe.

"Kunywa, mama. Na wewe unakwenda shule."

Nilitaka kumwambia hapana, hayo ni yako, yameshaandikwa hata ofisini. Lakini alikuwa amesimama anasubiri, na masharubu meupe juu ya mdomo, na nikaona kwamba kile nilichokuwa nakiogopa ndicho alichokuwa ananipa kwa mikono miwili.

Nilikunywa yote.

Kesho baada ya misa nakwenda kununua madaftari. Yake na yangu.