Nyumbani, kwa mujibu wa gari

Shoga, uko? Naandika haraka haraka, nikikosea herufi usinicheke.

Unalijua gari la shemeji yako, alilolinunua jipya kabisa, viti bado vina nailoni. Mwezi mzima skrini yake inaomba isasishwe programu, na yeye wimbo ni ule ule: “Bonyeza Baadaye. Usiiguse.” Usiiguse! Utadhani bomu.

Leo nimeegesha mlangoni kwetu, niko peke yangu ndani. Nikasema potelea mbali, naisasisha. Kabla sijabonyeza Sasa, ikanionya: maeneo yote uliyohifadhi yatafutika.

Maeneo gani tena? Nikafungua. Lipo moja tu. Nyumbani.

Nikaligusa. Shoga, niko mlangoni kwangu, vyungu vyangu vya maua navitazama! Sauti ya ramani ikaniambia: “Geuza gari. Utafika baada ya dakika arobaini.”

Dakika arobaini! Nyumbani kwa nani?

Nikisasisha, ushahidi kwisha. Nisiposasisha, usingizi nitautoa wapi?

Ngoja. Shemeji yako huyu hapa kwenye dirisha la gari, ameniona nimeinamia skrini.

Unajua kasema nini?

“Mke wangu, hebu isasishe tu hiyo. Inakera.”