Mstari wa Chaki Uliosimama

Chebet mjukuu wangu,

Habari za chuo? Hapa Kedowa tuko salama, ng'ombe amezaa, na nyanya yako anakusalimia.

Umeuliza tulipimaje pembe ya rota, ile sehemu ya jenereta inayozunguka, bila kompyuta. Kiwandani nilikofanya kazi tulichora mstari wa chaki kwa shafti ya jenereta, tukaumulika na taa iliyowaka na kuzima kufuata laini kubwa ya stima. Mstari ulionekana umesimama. Maji ya mto yaliyozungusha jenereta yakiongezwa, ulisogea mbele kidogo ukatulia tena. Huko kusogea ndiko tulikopima.

Siku ya kwanza nilinyoosha mkono niufute mstari. Fundi Otieno akaupiga mkono wangu kofi.

"Iko mbio hiyo shafti! Inakimbia sawa na laini, ndiyo maana unaona imesimama."

Siku hizi mimi na nyanya yako tunakunywa chai bila kusema kitu. Mgeni akituona atadhani tumesimama kama ule mstari.

Babu yako