Tangu Papa Aache Mazutu

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 5 mwezi wa saba

Viti tena, vile Papa anakodisha watu. Mu mutaa wa Mapendo kuna kilio, mutu amekufa. Tulipakia asubuhi: viti vya plastiki, hema mbili, vyuma vyake. Kambale anarusha, mimi napanga mu remorke inayokokotwa na gari. Anasema napanga viti kama padri anayepanga hostia. Kambale ni musaidizi wa Papa. Hanyamazi hata akiwa anakula.

Kisha yeye juu ya viti kule nyuma, Papa na mimi mbele. Gari yetu ni ya mazutu, ni kusema dizeli, inanipita umri. Moshi mweusi, na kutetemeka mpaka mu meno. Ikiwaka, mutaa wetu wote wa Katoyi unajua tunatoka.

Niandike ukweli, hapa hakuna mutu atasoma. Mimi siongei. Ku masomo mwalimu akiniuliza, jibu ninalo kwa Kifaransa, ninalo kwa Kiswahili, na yote mawili yanakwama. Mu kanisa naimba kinywa tu, bila sauti. Lakini mu gari naongea. Ile kelele inanifunika kama blanketi. Naangalia barabara, nasema kila kitu. Leo nimemwambia Papa juu ya kuku ya jirani iliyotaga yai ndani ya viti vyetu, na nikaifichia yai ili Kambale asilile. Papa akatikisa kichwa. Anatikisaka kichwa kila mara. Haulizi, hakatizi.

Mwaka jana ni mu gari hiyo nilimwambia sitaki kupelekwa Butembo, ku interna ya masista, kule wanafunzi wanalala. Akatikisa kichwa. Ikaisha.

Nampenda Papa mu ile kelele. Nimeandika. Basi.

Siku ya pili, Jumanne, tarehe 8

Papa amebadilisha gari! Hakuuliza mutu. Alitoka na ya mazutu, akarudi na pikap nyeupe ya esanse, ya petroli. Iliingia mu parseli ya nyumba na hatukujua. Mama huanza kusonga bugali akisikia motere yetu ku kona. Leo Papa alimukuta bado ana maji baridi.

Kambale aliizunguka, akapiga tairi teke.

"Muzee, hii ni ya kubeba bibi-arusi. Si ya kukokota viti vyake."

"Itakokota."

"Na kunywa? Esanse inakunywaka kama mujomba wangu siku ya Noeli!"

"Itakokota, nimesema. Ile ya mazutu ilikuwa na moshi mingi."

Uongo. Ule moshi haukumusumbua hata siku moja. Mama hakusema kitu, na hiyo ilinishangaza kuliko gari.

Nililia nyuma ya choo. Kulilia gari! Aibu.

Siku ya ine, tarehe 10

Safari ya kwanza. Viti vya ubatizo, karibu tu. Motere inafanya kama mutu anayepumua. Nilisikia mate yangu yakishuka. Nilisikia saa ya mukono ya Papa. Nilikuwa na mengi. Nikafungua kinywa, sauti ikatoka kidogo, ikabaki pale wazi kama mimi niko uchi mbele ya watu. Nikafunga.

Papa aliniangalia. Akangoja. Akaniangalia tena. Sijui anataka nini.

Naichukia hii gari.

Siku ya Mungu, tarehe 13

Baada ya misa, ku meza. Papa aliweka kijiko chini.

"Kavira, shangazi yako amekupatia nafasi ku masista. Utaenda kabla masomo hayajafungua. Mutapitia Bunagana, muzunguke Uganda, muingilie Kasindi. Kule Butembo utasoma roho yako ikiwa imetulia."

Mama amekwisha kununua valizi ya nguo zangu. Nyekundu. Iko chini ya kitanda yao, nimeiona.

Lakini alikubali! Nilikuwa pale! Nilisema sitaki, nikasema ni juu ya nini: chumba kimoja na wasichana wengi wanaocheka, na mimi nisiye na mutu wa kuongea naye. Akatikisa kichwa, kabisa kabisa.

Na leo nilifanya nini? Nilisema, "Ndiyo, Papa." Ile sauti yangu ya kutosumbua mutu.

Papa ni muongo. Nimeandika. Sifuti.

Siku ya kwanza, Jumatatu, tarehe 14

Sikwenda naye. Nilisema tumbo. Tumbo ni nzima.

Siku ya tatu, tarehe 16

Lazima niandike hii polepole.

Papa alikuwa anajifunza kurudisha gari nyuma ili kufunga remorke. Alikanyaga, motere ikalia kama nguruwe anayechinjwa. Jirani alitoa kichwa. Kambale alishika masikio: "Muzee! Itapasuka!" Papa alikuwa ametulia pale ndani, uso kama wa mutu anayesali. Kambale akapiga mulango kwa kofi, njo Papa akaondoa muguu. Motere ikazimika. Na Papa akabaki ameshika usukani, anangoja, kama bado inawaka.

Nilikuwa ku dirisha. Niliona.

Ya mazutu ilikuwa inamutetemesha miguu na mugongo. Hakuwa anaisikia. Alikuwa anaigusa.

Nikaenda nyuma yake aliposhuka. "Papa," kwa sauti yangu. Hakuna. "Papa," kwa sauti ile mwalimu anaitaka. Aliendelea kupangusa kioo.

Mama alikuwa anatwanga majani ya sombe. Nilimuuliza. Aliweka mutwangio chini.

"Tangu Pasaka munganga wa hospitali alimwambia. Ile kelele imekula masikio, aiache kabla haijamaliza yote. Akanikataza nisikuambie. Anaona haya." Akaniangalia. "Kama mutu fulani ninayemujua."

Basi hakusikia. Wala ya Butembo, wala ya mwalimu, wala ya usiku nilipoogopa mabomu na nikajifanya nimelala. Hata ya kuku. Wakati wote ule nilikuwa naambia motere.

Lile neno la siku ya Mungu, nalifuta. Nimelifuta kwa kalamu mpaka karatasi imetoboka.

Lakini Butembo iko palepale. Na sasa najua sijaikataa bado hata mara moja.

Siku ya posho, tarehe 19

Arusi ilikuwa Kibati, kule juu. Remorke ilijaa mpaka kamba ikalia. Kambale alipanda nyuma na jiwe lake kubwa la kuzuia tairi. "Hii ndiyo dawa ya esanse," alisema.

Mupaka Munigi, muzuri. Kisha mulima wenyewe. Nilisikia motere inashuka sauti, inakabwa, inaomba. Papa hakugusa vitesi, hakupunguza gia. Alikuwa anangoja ile tetemeko ya zamani imwambie, na hii gari haitetemeki. Nilijua. Neno lilikuwa ku ulimi. Sikulisema.

Ikazimika. Kitambo kidogo hakuna kitu, kisha remorke ikaanza kutuvuta nyuma. Kule nyuma chukudu ya mbao imejaa viazi, pikipiki mbili, mama na kitunga ku kichwa. Kambale akaruka: "Simama! Simama!" Freni. Jiwe. Viti vikamwagika barabarani.

Yule mama alitutukana vizuri: "Munataka kuniua na viti vya arusi? Arusi hata sijaalikwa!"

Hakuna mutu aliumia. Kambale akaokota viti. Papa hakuwasha. Akasema, kama mutu anayeungama:

"Siisikii. Hii gari, siisikii."

"Mimi naisikia," nikasema.

Aliangalia kinywa yangu.

Njo nikapiga kelele. Mimi. "Naisikia, Papa! Washa! Nitakuambia!"

Akawasha.

"Kanyaga! Bado! Sasa achilia! Inapanda! Baki mu ya kwanza! Bado, bado... Sasa ya pili! Ya pili, Papa! Usitie ya tatu!"

Nyuma Kambale aliita: "Ni nani anafokea muzee?"

"Ni Kavira!" nikajibu.

"Kavira gani?"

Tukafika juu. Sauti ilikuwa ingali nje na sikujua namna ya kuirudisha. Nikaitumia.

"Papa, sitaki kwenda Butembo!"

Madirisha yalikuwa wazi. Wenye kuuza makaa waligeuka wote. Papa akasimamisha gari pembeni, akazima.

"Rudilia."

Nikarudilia. Nikaweka na sababu. Nilitetemeka kuliko ile mazutu.

"Tangu wakati gani?"

"Mwaka jana nilikuambia. Ulitikisa kichwa."

Papa akageuka kwangu. Kisha: "Nilikuwa naona kinywa yako inacheza. Kama televizyo ya jirani, unaiona mu dirisha. Nikawaza, nikimuuliza atanyamaza. Basi natikisa kichwa, na wewe unaendelea, na mimi nafurahi." Akapangusa uso. "Munganga aliongea juu ya masikio. Mimi niliwaza: nitafute gari ya kimya, nisikie huyu mutoto anasemaka nini. Nikaipata. Na wewe ukanyamaza."

Hakusema nitabaki. Hakusema nitaenda. Tulishusha viti. Bibi-arusi alikuwa muzuri, sikumuangalia.

Siku ya pili, tarehe 22

Papa na Mama waliongea mu chumba chao. Papa anaongea kwa nguvu bila kujua, na Mama analazimika kumujibu kwa nguvu. Nilisikia yote. Hata sikusimama ku mulango.

Mama: "Unataka abaki ili akusikilizie motere? Mutoto si sikio yako!"

Papa: "Motere Kambale atanisikilizia. Atakaa mbele, hata kama ataniua na maneno."

"Basi abaki juu ya nini?"

"Juu ya kuwa amesema."

Kisha Mama: "Na valizi?"

Siku ya tano, tarehe 25

Kamba za hema sasa ziko mu valizi nyekundu, ile haiendi tena Butembo. Zinaingia zote.

Mama amejifunza. Ku kona Papa anapiga honi mara moja, njo Mama anasonga bugali.

Siku ya posho, tarehe 26

Kilio mu mutaa wa juu, watu wapole. Tulirudi bila muzigo, viti vitabaki kule mupaka kesho. Kambale alibaki kule kula. Remorke tupu ilikuwa inaruka kidogo nyuma yetu ku mawe.

Papa hakwenda haraka. Alifunga vioo vyote, na joto ile. Sikuuliza.

Ku mutelemuko alisema, "Ile yote ulinisemea mu gari ya zamani, sikupata hata neno."

"Ni mingi, Papa."

"Njia iko, ingali ndefu."

Motere ilikuwa inapumua. Nikasogea karibu na sikio yake, nikaangalia barabara kama zamani.

Nikaanza na kuku.