Mkwe Yuko Safu ya Mbele

Alhamisi, 6 Machi 2025

Sinema. Ngazi mpaka orofa ya tatu tena, maana lifti bado inatengenezwa. Tangu Desemba inatengenezwa! Nimefika juu napumua kama ng'ombe wa kulima.

Picha yenyewe ya Kinaijeria. Mama mkwe mchawi. Nkt! Kwa nini mama mkwe ni mchawi kila mara? Baba mkwe yeye huwa wapi? Anakaa sebuleni na gazeti, mtakatifu. Huyu wa leo anatia unga mweusi kwenye supu ya mke wa mwanawe, macho kayatoa pima, hata kipofu angejua kuna jambo. Na msichana anakunywa! Mimi nimepikia wanafunzi wa chuo cha Bukura miaka mpaka nikastaafu. Supu nyeusi hainyweki. Wanafunzi wangenirushia sahani.

Mbele yangu mtu na kofia. Kofia, ndani ya nyumba! Nusu ya picha nimetazama kofia. Nikanyoosha kidole nimguse begani nimwambie, kijana, vua — akacheka. Kicheko hicho nakijua. Kama mtu amekwamwa na ugali. Nilikisikia siku ya harusi.

Titus! Mume wa Awinja wangu!

Ghai. Mkono nimeurudisha kama nimegusa sufuria ya moto. Mkwe wangu! Mtu ambaye sijawahi kumpa mkono, sijala naye meza moja, hata jina lake silitaji, namwita "huyo wenu". Nikiwa na neno naye napitishia kwa Awinja. Akiwa na lake linapita huko huko. Ndiyo heshima, tumelelewa hivyo. Sasa tuko gizani na goti langu limegusa kiti chake! Nilijikunja hivyo mpaka mwisho. Taa zilipowaka nikakimbilia chooni nikajifungia, hadi Osundwa wa tiketi akaja kugonga: Mama Awinja, uko mzima?

Mzima! Na njugu zangu kwenye mkoba hata moja sikula. Niliogopa kutafuna.


Ijumaa, 7 Machi

Lurambi kwa Awinja, asubuhi kama kawaida. Ana miezi saba. Presha imempanda na daktari amesema alale, asiinue hata ndoo. Anayestahili kukaa naye ni mimi. Lakini nyumba ya mkwe hailaliwi. Basi naendanga huyo wake akishafungua duka lake la mbegu na dawa za mifugo, napika, nafua, naondoka kabla hajarudi. Kama mwizi!

Nimemsongea obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda. Amekula kidogo. Halafu, Mama, nisimulie. Kila Ijumaa namsimulia picha ya jana, ndiyo starehe yake hapo kitandani. Nikaanza na supu. Akaanza kucheka.

Anaijua yote! Huyo wake alimsimulia jana usiku. Na eti Titus amesema yule mama mkwe alikuwa na haki, msichana alikuwa mvivu.

Mwana huyu mnafiki! Alijua nitaambiwa. Nikamwambia Awinja, mwambie huyo wenu mchawi ni mchawi, asinitafutie sifa kwa bei rahisi. Amecheka mpaka nikamzuia, presha.

Sikumwambia kwamba nilijificha chooni.


Jumanne, 11 Machi

Stima hakuna, naandika kwa mshumaa. Mvua tangu saa tisa. Kuku wa jirani wameingia tena kwenye sukuma wiki yangu. Nimewafukuza kwa mwiko, nikateleza, nikakaa matopeni. Leo sina zaidi.


Alhamisi, 13 Machi

Leo nimekuwa mjanja. Nimekaa safu ya mwisho kabisa, ukutani. Nikaona kofia inaingia. Inatazama huku, inatazama kule, kama mtu anatafuta mbuzi aliyekata kamba. Ikaja ikakaa safu mbili mbele yangu. Viti vyote vitupu na yeye anakuja hapo!

Picha: helikopta. Wanaume wawili wanapigania sanduku. Mmoja amepigwa risasi tatu na bado anapanda ukuta, na mimi nina goti moja tu baya na ngazi zinanishinda. Kelele, kelele, kelele. Sanduku hawajalifungua! Watu wametoka hivyo hivyo wameridhika. Mimi nimekasirika mpaka nyumbani.

Lakini lililonichoma si sanduku. Huu ni mwezi wa kupanda. Wakulima wote wa Kakamega wanatafuta mbegu na mbolea, na huyu amefunga duka saa nane aje kutazama helikopta! Huko kwao Lumakanda mahindi ndiyo maisha, hakufunzwa? Na mtoto wangu amelala na presha. Yuko na nani?

Kesho nitasema. Nimechoka kumeza.


Ijumaa, 14 Machi

Nimesema. Nimesema yote, hata la chooni.

Awinja akatazama dirisha. Mama, mimi ndiye ninamtuma.

Anamtuma! Kumbe alisikia kwamba niliteleza kwenye ngazi zile mwezi wa pili. Osundwa na mdomo wake! Anasema, Mama, ukikatazwa hukataziki, na peke yako sitaki uende. Kwa hiyo amemwambia mumewe anifuate kila Alhamisi, akae mahali atakaponisikia nikianguka, asinisogelee. Na Alhamisi hizo Jepkorir wa nyumba ya pili anakaa hapa naye na kazi yake ya kufuma. Wamepanga wote. Jirani anajua, mwenye tiketi anajua. Mimi tu ndiye sijui!

Nimewekewa askari. Mimi, niliyekuwa nikisimamia jiko la watu mia nne!

Nikamwambia amwondoe. Akasema basi acha sinema. Nikasema siachi. Akasema basi hamwondoi. Kichwa kigumu hivi sijui alikitoa wapi.

Halafu mjinga huyu akaniambia — Titus anasema ile ya helikopta mwisho wake haufai, walipaswa kufungua sanduku.

Nilisugua sufuria. Lakini ni kweli, walipaswa kufungua.


Jumapili, 16 Machi

Kanisani mahubiri marefu. Mzee wa kanisa amesinzia na mdomo wazi.

Nimempigia Awinja: Alhamisi siendi, mwambie huyo wenu akauze mbegu. Akaniuliza, sasa nani atanisimulia? Ni ya harusi wiki hii, Mama, nimeona tangazo kwenye simu, gauni la bibi harusi refu mpaka nje ya mlango. Na raha ninayoipata ni nyinyi wawili mnavyosimulia vitu tofauti mpaka mtu angedhani mliingia sinema mbili.

Anatuchekelea! Ananipelekea maneno, ananiletea maneno, na anafurahia.

Sijui. Labda nitaenda.


Jumatano, 19 Machi

Miguu ya Awinja imevimba. Viatu vya mumewe ndivyo anavaa kwenda chooni. Nikasema twende hospitali leo. Akasema kliniki ni Ijumaa, Mama, kesho kutwa tu, usianze. Kichwa? Kinauma kidogo. Macho? Sawa. Nikamwambia amwambie huyo wenu kesho abaki nyumbani, mimi nitajishika kwa vyuma vya ngazi. Akaitikia kwa ile sauti yake ya kunifukuza.

Sijui kama alimwambia.


Alhamisi, 20 Machi

Naandikia hospitalini. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Nilidhani hakumwambia. Kofia ilikuwapo. Nilipoiona nilichukia, nikasema moyoni, haya basi, ujinga ni wenu. Osundwa akapita na tochi kama kawaida kuhakikisha simu zimezimwa. Yangu niliiweka ya kutetemeka tu, nikaitia kifuani. Picha ikaanza. Gauni ni kweli refu.

Bwana harusi amechelewa, watu wanapiga vigelegele bure — simu ikatetemeka. Jepkorir. Nikakata. Akarudia. Nikakata. Mara ya tatu nikainama chini ya kiti nikasema nini wewe, niko sinema. Akasema, Mama, Awinja ameanguka, anatetemeka mwili mzima, tumemtia kwenye gari, tunaenda hospitali kubwa. Simu ya Titus imezimwa. Mama, mtafute Titus.

Mtafute! Nilikuwa namwona. Safu mbili mbele, mabega yanacheka.

Na mimi, Mungu anisamehe, sikumwita. Nilitafuta wa kumtuma! Nikatazama kama Osundwa yuko mlangoni. Hayuko. Kulikuwa na mwanamke kando yangu anakula bisi, nikamwambia, tafadhali mwambie huyo wa kofia atoke nje. Akanitazama. Mwambie wewe, si yuko hapo?

Si yuko hapo. Ndiyo, yuko hapo.

Nikainuka. Nikapita katikati, sikujua mwanga wa mashine unapita wapi, kichwa changu chote kikatokea kwenye picha, kimemfunika bibi harusi. Watu wakapiga kelele: Mama, keti! Toa kichwa! Mwingine akanitupia bisi. Nikafika, nikamshika bega.

"Titus."

Aliruka. Aliponiona ni mimi akarudi nyuma kwa heshima, akaangukia viti, anajaribu kunipisha na hakuna pa kunipishia.

"Titus, acha heshima! Ni Awinja!"

Ngazi sikumbuki. Nakumbuka nilimshika mkono na yeye hakuwa anathubutu kunishika, nikambana mpaka chini. Nje mvua. Bodaboda moja tu imejikinga penye kibaraza. Tukapanda wote wawili, yeye katikati, mimi nyuma, mikono yangu imemzunguka tumbo. Mama mkwe! Kama marehemu mume wangu ananiona na anione. Titus alikuwa analia, nilikuwa nasikia mgongoni mwake. Nikampigia kelele sikioni: endesheni haraka! Sijui nilikuwa namwambia nani.

Jepkorir tulimkuta kwenye lango la wodi ya akina mama, na nguo zake zimelowa. Awinja yuko ndani. Amepata kifafa cha mimba mara mbili. Jepkorir anasema kabla Awinja hajaanguka alikuwa anacheka, anasema kesho mimi na Titus tutagombana sana juu ya hilo gauni. Jepkorir amerudi nyumbani kutuletea nguo na shuka.

Hapa benchi ni moja. Nilikaa. Titus akasimama ukutani, mbali, mikono nyuma. Watu wanampita na machela, wanamgonga, anasogea, anarudi pale pale. Nikamvumilia. Halafu nikashindwa. "Titus, kaa." Akasema nimezoea kusimama, Mama. "Kaa!" Amekaa mwisho kabisa wa benchi. Kidogo tu angeanguka.

Daktari akaja, msichana mdogo, anaongea kwa upole. Presha ni mbaya. Wanamwekea dawa ya kuzuia kifafa, lakini mtoto lazima atolewe leo, hata kama miezi haijatimia. Kuna hatari kwa wote wawili, na kungoja ni hatari zaidi. Akauliza, mnaelewa? Mnakubali?

Titus akamwangalia daktari akasema, sijui Mama anasemaje.

Na mimi — kwa mazoea, kwa ujinga! — nikamwambia daktari, muulize yeye anaonaje.

Daktari akatutazama. Ananiangalia, anamwangalia. Mtoto wa watu anadhani tumegombana. Na mimi ndipo niliposikia tunachofanya. Tulikuwa tunamtafuta Awinja. Kila mmoja anaongea na mahali ambapo Awinja hukaa, na Awinja yuko ndani hawezi hata kusema jina lake!

Nikageuka. Nikamtazama usoni. Miaka minne ni mkwe wangu na sikujua ana kovu kwenye nyusi.

"Wewe unasemaje, Titus?"

"Wamtoe, Mama. Mtoto nampenda. Lakini namtaka Awinja."

"Na mimi namtaka Awinja."

Tukamwambia daktari ndiyo. Wote wawili kwa pamoja, kwa sauti kubwa, mpaka watu wakageuka.

Akaenda. Tukakaa. Baadaye Titus akasema, Mama, mimi aliniambia nibaki. Asubuhi aliniambia. Halafu saa saba akabadilisha, akasema enda tu, Mama hatakiri lakini goti linamsumbua. Nilienda kwa sababu yeye alisema. Na analia tena, mwanaume mzima, ameushika mdomo kwa mkono.

Nilitaka kukasirika. Tangu mwezi uanze namkasirikia, hasira ninayo tayari. Nikaitafuta sikuiona. Nimemwambia, mimi pia nilienda kwa sababu yeye alisema. Anatuendesha sisi wote.

Alicheka kidogo. Kicheko kile kile kibaya.

Saa kumi na mbili kasoro. Muuguzi ametokea na gauni la kijani. Watu wa Awinja! Tukasimama. Anasema mgonjwa amefungua macho kidogo, wanampeleka chumba cha upasuaji sasa hivi, mmoja aingie amwone. Mmoja tu.

Titus akasema, ingia wewe, Mama. Nikasema, mume ni wewe, ingia wewe. Akasema, hapana, Mama, mama ni mama. Nikasema nenda! Anarudi nyuma ananipisha, mimi narudi nyuma nampisha, muuguzi anapiga mguu chini: nyinyi watu mna nini, mgonjwa anangoja!

Nimemsukuma. Kwa mikono yangu miwili, mgongoni, mpaka mlangoni. Nikamwambia, Titus, sikiliza. Kitakachotokea huko ndani, kizuri au kibaya, njoo uniambie wewe mwenyewe. Usimtume daktari. Usimtume Jepkorir. Wewe.

Akasema, ndiyo, Mama. Nitakuja mwenyewe.

Wameshapita na kitanda. Nimeona miguu tu, imefunikwa. Mlango umefungwa, Titus ameachwa upande ule, na mimi niko huku na benchi zima. Nasikia magurudumu bado yanakwenda.

Hajatoka.