Kwa Nyakundi, Kuhusu Shokabsoba Ulizoziacha Chini ya Kitanda

Mwanangu Nyakundi,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na nadhani unajua kwa nini. Kwa Ekegusii kinywa kingejifunga. Yako mambo ambayo baba hamwambii mwanawe, na mengi zaidi ambayo hayasemi juu ya mke wa mwanawe, na lugha yetu iliyazungushia ua kabla sijazaliwa. Kiswahili nilikifundisha darasani na kukisemea mjini. Ndani yake hakuna mzee wa ukoo anayenitazama.

Mgongo umeisha. Daktari hanifichi tena, naye ana adabu ya kutotaja miezi. Nikiandika kidogo inanibidi nilale, kwa hiyo ukiona mwandiko umebadilika, ujue nimelala katikati. Nina jambo la kuungama juu ya Moraa, mkeo, na jambo hilo linaanzia kwenye lile gari lako jekundu la viti viwili.

Tangu tukuzike, mdogo wako Ombui analitaka shamba lako la chai. Hasemi kwa ubaya. Anakuja jioni, anakaa karibu na kitanda changu, anauliza kama nimekula, kisha anaanza: "Mzee, huyo ni mtu wa kupita. Ataanza kwa kuuza gari, halafu atarudi kwao Nyaramba na mtoto, halafu siku moja tutaamka tusalimiane na mgeni mle shambani." Alitaka niite wazee, niseme nikiwa bado na pumzi kwamba kipande chako kirudi kwa ndugu. Unajua ardhi yote bado iko kwa jina langu. Nikifa bila kusema neno, Moraa hana wa kumsemea. Nikisema neno baya, ataondoka na mwanao na sufuria zake.

Sikumwambia Ombui ndiyo. Sikumwambia hapana. Nilimwambia, "Ngoja nichunguze."

Na nilianza kuchunguza mapema kuliko hapo. Siku ya mazishi yako wanawake fulani walinong'ona nyuma ya meko ya chai kwamba koo la mtu halizibi bure, kwamba ulikuwa unakula kwenye chungu cha nani? Mimi niliyesomesha watoto sayansi, mimi niliyeuona mwenyewe uvimbe ule kwenye picha ya hospitali, niliwasikia nikanyamaza. Moraa alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu. Alisikia maneno yao, na alisikia pia kwamba mimi sikujibu.

Sasa gari. Ulipofariki, Moraa alilifunika kwa turubai chini ya kibanda kando ya migomba, na kuku wakalifanya lao. Kisha mwaka huu, baada ya mvua za kwanza, nikamwona kupitia dirishani analifunua. Anawafukuza kuku. Anaosha. Akaja fundi, akaweka mikono juu ya madigadi ya mbele akasukuma chini na kuachia. Gari likadunda, likadunda, likaendelea kudunda kama kitanda cha watoto. Unakumbuka nilivyokufundisha: springi hurusha, shokabsoba hutuliza. Zako zilikuwa zimekufa. Mafuta yake yalichirizika hadi kwenye magurudumu. Ulipokuwa ukishuka mteremko wa Manga, kijiji kizima kilisikia chuma kikigonga chuma, na mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Wekeni maji ya ugali, Nyakundi anakuja na jiko lake."

Nilijiuliza: mjane anatengeneza gari la mbio kwa nini? Anataka liuzike.

Halafu nikaona jambo lililonichoma. Asubuhi moja alitoka nyumbani kwako na kitu kirefu, kizito, kimefungwa ndani ya leso yake ya kijani yenye maua ya korosho, akakipa mtu wa boda boda. Nilikijua kabla hakijafika langoni. Zilikuwa zile shokabsoba mpya ulizoagiza kabla hujaugua, zile ngumu za njano. Sijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yako, kama desturi inavyotaka, lakini uliniambia mwenyewe ukiwa umesimama uani: "Nimezilaza chini ya kitanda kama mayai, Tata. Siku nitakapozifunga, gari litakuwa jiwe. Gari la mbio halitaki godoro." Hukuzifunga. Zilikuwa kitu cha mwisho ulichokichagua ukiwa mzima.

Na yeye anazitoa nje kwenye leso.

Nilimwita Ombui jioni hiyo hiyo. Nikamwambia, "Sema na wazee. Waje siku ya kliniki yangu, alasiri, nikirudi." Hilo ndilo ungamo, Nyakundi. Nilikata kesi, kisha ndipo nikaenda kutafuta ushahidi.

Nilienda Kisii siku mbili tatu baadaye, juu ya boda boda, bila kumwambia mtu. Hadi tunapita Daraja Mbili nilikuwa nimeuma ukosi wa shati kwa maumivu. Nikaingia duka la Dinesh, yule wa vipuri, ambaye ulikuwa ukishinda kwake hadi Moraa anakupigia simu. Nywele zake sasa ni nyeupe zote. Ulimi haujazeeka.

"Mwalimu! Umekuja kununua ndege au umekuja kupeleleza?"

Nikasema nataka tu kuona shokabsoba za gari kama lako. Akazipanga juu ya kaunta kama mtu anayetandaza samaki. "Hii ni ya kampuni yenyewe. Hii ni ya kukudanganya. Rangi ni ile ile, ukiifunga inakufa kabla hujafika Manga. Na hii ilichoka huko Japani, ikaja kupumzika Kisii." Nikazishika moja moja. Nikausukuma mrija wa kila moja nione kama unarudi polepole. Ile ya bandia ilirudi haraka kama mtoto mwongo. Nilimuuliza kwa mzunguko kama kuna mtu mwingine aliyezitafuta.

"Si mkamwana wako? Huyo mama amenisumbua kuliko mhasibu. Amerudisha zile ngumu za Nyakundi, mpya kabisa, tukabadilishana. Nikamwambia, 'Mama, hizi ndizo za gari hili, mume wako alijua.' Akasema hapana, anataka laini. Nikamwambia laini hazikai na springi fupi. Nyakundi alikuwa ameteremsha gari. Kesho yake anakuja na springi za zamani, zimejaa mavi ya kuku!"

Nikakumbuka. Ulizitoa springi za kiwandani ukazipeleka kwenye banda, zikashikilia ubao wa kuku kulalia. Mwanamke huyu alienda kuwanyang'anya kuku kitanda.

"Kwa nini laini?" nikauliza.

"Ati abiria wake ni mwepesi kuliko gunia la majani makavu na mgongo wake haubebi hata kokoto." Dinesh akanitazama. Naapa hakunifikiria mimi. Nilikuwa nimevaa koti kubwa na nimesimama wima kwa kiburi. "Nilidhani ni mama yake."

Na mimi, je? Unadhani nilijua? Hapana. Nilifikiri sawasawa na Dinesh, kwa ubaya zaidi. Nikasema moyoni: naam, mama yake wa Nyaramba. Angekuwa analiweka gari kwa ajili yako, angefunga ulizozichagua wewe. Amekataa chaguo lako. Anahama. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeumia mgongo na nimeridhika, na ninaomba Mungu anisamehe kwa huko kuridhika.

Siku ya kliniki ilipofika nilikuwa nangojea gari la jirani, lile linalobeba watu na mikungu ya ndizi pamoja. Mara zote nimeenda nalo, Moraa nyuma kabisa, mimi mbele, nikiguna kila shimo. Nilidhani nilikuwa naguna kimoyomoyo.

Lilikuja lako. Sikulisikia. Liliingia uani kama paka, limesimama juu kidogo kuliko ulivyoliweka, na Moraa akashuka, akafungua mlango wa upande wangu, akarudi nyuma mbali kama inavyostahili. Akasema akitazama chini, "Tata, tuko tayari."

Nilimkaripia. Nilisema kwa sauti ambayo majirani walisikia, "Nani alikufundisha kwamba mzee hukaa bega kwa bega na mkamwana wake? Ensoni, haya na heshima ya ukwe, imekufa na mume wako?" Maana viti vile viwili vimeachana upana wa kiganja tu, Nyakundi. Baba mkwe na mkamwana hawasalimiani hata kwa mkono. Watakaaje ndani ya kibweta kimoja, magoti kwa magoti?

Alinyoosha tu mkono kuonyesha ndani.

Katikati ya viti alikuwa ametundika leso. Ile ya kijani, ya maua ya korosho. Ameifunga kwa kamba kutoka kwenye dari hadi nyuma ya breki ya mkono, imenyooka kama ukuta wa nyumba. Pale mbele ameikunja kona na kuibana kwa pini, ili aone kioo cha upande wangu. Alikuwa amefikiria adabu yangu na kioo chake pia.

Sikuingia mara moja. Unanijua. Niliegemea fimbo, nikazunguka, nikaweka mkono juu ya madigadi ya mbele, nikasukuma kwa nguvu zote nilizo nazo, ambazo si nyingi. Gari likashuka. Likapanda. Likatulia.

Nikaingia.

Sitakuelezea maumivu, maana hayakuwepo ya kuelezea. Tulishuka mteremko wote, tukapita pale mvua ilipokula barabara, na nilikuwa nimejikaza kama mtu anayengoja kofi. Kofi halikuja. Kila shimo lilifika kwangu limeshachoka. Upande wa pili wa leso nilisikia akibadilisha gia kwa utaratibu, jinsi ulivyomfundisha huku ukipiga kelele hadi analia. Tulipokaribia mjini akauliza, "Tata, imekuumiza?" Sikujibu. Alidhani nimekasirika.

Ndipo nilipoelewa abiria mwepesi kuliko gunia la majani ni nani. Mimi, mwalimu, nilihitaji kukalishwa ndani ya jibu ndipo nilione. Alichukua kitu cha mwisho ulichokichagua, akakibadilisha na kitu cha kumfaa mzee aliyemnyamazia siku ya mazishi. Na hakuwahi kuniambia, kwa sababu ensoni ile ile inayonifunga mimi inamfunga na yeye.

Wazee nilikuwa nimewasahau, Nyakundi. Kweli nilikuwa nimewasahau.

Tuliporudi walikuwa uani, wamekalia viti vya plastiki, chai mikononi, na Ombui amesimama mbele yao, mgongo kwa lango. Zamani gari lako lingewapa habari kutoka mbali. Sasa halikuwapa. Liliingia nyuma yake taratibu wakati anasema, "...na nawaambia, hilo gari limeshaondoka tangu asubuhi. Limeshauzwa. Mzee mwenyewe atawathibitishia."

Mzee mmoja akacheka hadi chai ikamwagika. Mwingine, mkubwa wao, hakucheka. Aliinama akachungulia kioo. "Mwalimu, umetoka mjini na mkamwana wako ndani ya hicho kikebe?"

Nikamwambia, "Kati yetu kuna ukuta. Njoo uuone."

Walikuja wote. Waliitazama leso ile kwa muda. Yule mkubwa akaigusa kwa kidole, kama mtu anayepima kitambaa sokoni, akatikisa kichwa polepole, akasema neno moja tu: "Amefundishwa."

Nikawaambia wakiwa bado wameinama, kabla ujasiri haujaniponyoka, kwamba kipande cha Nyakundi ni cha Moraa na mtoto wao, kutoka mgomba wa mpakani hadi kwenye mto, na kwamba nitakwenda na Moraa ofisi ya ardhi kubadilisha jina nikiweza bado kupanda ndani ya gari hili. Ombui aliweka kikombe chini. Hajaja jioni tangu siku ile, na ninamsikitikia, kwa kuwa mbegu ile niliipanda mimi kwa kusema "ngoja nichunguze" badala ya kusema hapana.

Sitakudanganya kwamba nimepona tabia hii. Jana alinunua gunia la mbolea na nikajikuta nauliza moyoni ni la nini. Ni la chai, nikajijibu. Mtu huweka mbolea mahali anapokaa.

Lakini bado sijamwambia. Wazee wamejua, wewe umejua, yeye hajajua kwamba nilimshtaki kabla ya kumtetea. Kwa habari ya shamba anadhani nilikuwa upande wake tangu mwanzo, na asubuhi anaposhusha kikombe changu mlangoni na kurudi nyuma, shukrani yake inanielemea kuliko ugonjwa.

Kwa hiyo pumzika, mwanangu. Msalimie mama yako. Mwambie jiko lako limenyamaza. Huenda tukaonana hivi karibuni. Kabla ya hapo nina safari moja ya kliniki, na hiyo nakuahidi. Tutakapofika pale kwenye mteremko wa Manga, pale penye mashimo ambapo gari lako lilipiga kelele hadi mtu asisikie hata jina lake, nitageukia leso ile na kumwambia Moraa yote, pamoja na siku ya mazishi. Hataniona uso, wala mimi sitauona wake. Ila kwa shokabsoba alizozichagua yeye, atanisikia.

Baba yako.