Paiki Hali Ugali

Kitale,
6 Machi 2004

Kwa Mama mkwe mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kitale. Natumaini hamjambo nyote hapo Kamukuywa na kwamba mvua imeanza kuwafikia. Mimi ni mzima, ila moyo hautulii.

Naandika kwa sababu najua kwenu mkwe na mama mkwe hawaonani ana kwa ana, na hata simu umekataa kuishika. Mwanao Nanyama naye akiona namba ya mumewe anakata. Alipoondoka hapa alipakia kwenye pikapu nguo zake na tangi langu la samaki. Nguo ni zake. Lakini yule samaki, Mama, ni wangu. Anaitwa paiki. Niliachiwa na Mzungu aliyekuwa meneja wa shamba la maua alipohama, na Kitale nzima hakuna mwingine.

Ni samaki wa kuwinda. Mwenzake yeyote anayetosha mdomoni humla, kwa hiyo msimtilie mwingine ati wa kumwondolea upweke. Hali kitu kisichotembea. Shemeji Khisa amtafutie visamaki mtoni, au nyama muikate nyembamba, muifunge kwa uzi na kuitikisa mbele yake. Stima ikipotea, pampu ya hewa inazima. Basi mchote maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, bila kupumzika, mpaka irudi.

Tafadhali nijulishe kama anakula.

Mkweo,
Hiram Gathogo


Kamukuywa,
13 Machi 2004

Kwa mkwe wangu Hiram,

Pokea salamu zetu. Sisi tu wazima, Mungu ni mwema. Mvua bado, lakini ng'ombe amezaa ndama dume. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mwanangu Khisa. Nimeisoma, kisha nikaigeuza nione kama kuna maneno upande wa nyuma. Hakuna.

Samaki yupo. Anakula.

Zaidi ya hayo sina neno, ila nikukumbushe jambo. Tulipomzika kaka yangu Eliakim kule Misikhu, wakwe wote walikuwepo, hata yule wa Lwakhakha anayetembea kwa mkongojo. Watu wakaniuliza, "Na huyu wa Kitale yuko wapi?" Nikasema anakuja. Nilisema hivyo mpaka kaburi likafunikwa, na Nanyama alikuwa kando yangu akisikia.

Mama mkwe wako,
Phelista


Kitale,
20 Machi 2004

Kwa Mama mkwe,

Salamu tena. Nafurahi kusikia mu wazima, na hongera kwa ndama.

Mama, siku ile ya mazishi nilikuwa nimeshavaa suti. Stima ikapotea. Ningetoka, ningerudi nimkute samaki amekufa. Nilichota maji kwa kikombe kutwa nzima, na suti yangu hiyohiyo, mpaka mkono ukafa ganzi. Nilidhani Nanyama angenihurumia. Alirudi, akaniona na kikombe mkononi. Kesho yake nikasikia pikapu mlangoni.

Kuja huko naogopa, sikufichi. Wazee watanikalisha kitini na kuniuliza habari ya Misikhu, nami nitawajibu nini? Samaki? Kwa hiyo tuanze na yale yanayowezekana. Umesema anakula. Anakula nini? Ile nukta nyeusi mkiani bado inang'aa? Akipauka, ni mgonjwa. Mama, umenijibu maneno mawili matatu tu, na mimi huku usingizi sipati.

Mkweo,
Hiram


Kamukuywa,
3 Aprili 2004

Kwa mkwe wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Nimekawia kujibu kwa sababu tunapanda mahindi, na kwa sababu nimekasirika.

Unauliza anakula nini. Anakula ugali. Jana amekula ugali na omena, akashiba, akalala. Nukta inang'aa. Ana afya kunishinda mimi.

Una swali lingine? Fikiri vizuri, maana Khisa amechoka kubebeshwa barua za samaki. Vyako viwili viko hapa kwangu, nawe unauliza kimoja tu.

Mama mkwe wako,
Phelista


Kitale,
5 Aprili 2004

Mama,

Nisamehe salamu fupi, Khisa ananisubiri hapa dukani.

Paiki hali ugali! Hali kabisa! Nimehangaika miezi kumzoesha nyama tu. Ugali utaozesha maji na atakufa, na omena, visamaki vikavu visivyotembea, haitazami hata. Heshima yangu kwako iko palepale, lakini hapo mmenimaliza. Kesho nakuja mwenyewe, wazee wawepo wasiwepo. Nitasimama langoni, nyumbani mwako sitaingia. Nitakuja na visamaki hai kwenye ndoo.

Hiram


Kamukuywa,
6 Aprili 2004
Kutoka jikoni, kwa mkono wa Khisa

Mkwe wangu,

Karibu nyumbani, na pole kwa safari. Nakuona kupitia dirisha. Kwa kuwa siwezi kutoka tukaonana, chukua hii. Umekonda.

Samaki wako alikufa. Alikufa wiki aliyofika, kabla ya barua yako ya kwanza. Stima ilipotea na sisi hatukujua mambo ya kikombe. Khisa alimzika nyuma ya migomba. Nanyama alilia mpaka nikamkemea, "Si ni samaki tu?" Akaniambia, "Mama, mimi hawezi nifuata. Samaki ndio angefuata. Sasa atakuja kufanya nini hapa?"

Ndipo nikakudanganya, barua zisikome. Ulipouliza anakula nini sikujua, nikaandika kile kinacholiwa na kila mtu mzima wa nyumba hii. Mungu anisamehe. Lakini kila barua yako niliifungua nikitafuta uulize habari ya mtoto wangu, nikakutana na nukta ya mkia, na iliniuma.

Hajui kwamba uko hapo. Ameenda kisimani na atarudi kwa hiyo njia iliyo nyuma yako. Akikukuta na ndoo atajua umemfuata nani, na hapo hata mimi sitaweza kukusaidia. Mpe Khisa hiyo ndoo upesi aifiche.

Tangu aje hapa chakula hakimpiti kooni. Mpokee maji, kisha mwulize kama amekula.

Mama yako,
Phelista