Jina Ulilompa Mwanamke wa Kirusi

Baba Zainabu, mume wangu,

Nakuandikia huko usikoweza kunijibu, maana bado nina la kukwambia.

Unaikumbuka ile Jumamosi kwenye banda la video hapa Newala? Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye jenereta akawa na sinema yake. Wenzako walisimama kando ya televisheni wakiwatafsiria watazamaji filamu za mateke kwa sauti. Wewe mwalimu ukajitia kimbelembele na ya Kirusi, iliyotoka kwenye kitabu kinene cha zamani ulichokisoma nusu ukakiacha. Kirusi chenyewe hukujua hata salamu! Ila mdomo ulikuwa nao, na watu walikupenda.

Mkanda ukaanza: theluji, farasi, mwanamke analia dirishani. Kila mtu mle filamuni ana majina matatu, watazamaji wakachanganyikiwa. Bibi mmoja akauliza, "Mwalimu, huyo ni mama nani?" Kwetu mtu mzima hajulikani mpaka utaje mwanawe. Ukasema, "Mama Zainabu. Analia kwa sababu mtoto wake hayupo."

Banda zima likanigeukia. Zainabu wetu alikuwa na miezi minane kaburini, na tangu tumzike hakuna aliyethubutu kuniita hivyo, hata wewe. Uliniita kwa jina langu la usichana, kama mgeni. Niliona umeutoa msiba wangu uani ukauanika sokoni. Nikatoka. Kesho yake nikafunga mzigo, nikarudi kwa mama yangu, kijijini Kitangari.

Ulinifuata mara mbili. Mara ya pili ulinikuta kisimani, ukasema, "Nyumbani nilishindwa kulitamka jina lake. Mle gizani nikaweza." Nami nikajitwika ndoo yangu nikakupita. Ee Mungu, nilikupita kama kisiki!

Mvua zilipoanza, homa ikakuchukua. Nililia mazishini, lakini hasira sikuiacha. Niliishi nayo mwaka mzima. Ilipoisha ndipo nikaelewa kwamba nawe ulikuwa umefiwa, na hukuwa na pa kulilia. Naumia, mume wangu.

Wiki iliyopita nilikuja Newala na mzigo wangu wote. Dada yako alikuwa mlangoni anabangua korosho. Nikamwambia, "Wifi, nimerudi."

Akanishika mikono kwa vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho, akauliza taratibu, "Umerudi kwa nani, wifi yangu?"

Kwako. Nimerudi kwako, na nimechelewa.

Ni mimi, mkeo.